Msomi wa Bochasan na Nyumba Yake Kampala: historia fupi ya jumuiya ya Swaminarayan nchini Uganda

Mwaka 1960 mtawa mzee kutoka Gujarat, Yogiji Maharaj, alizuru Uganda na kuweka wakfu mahekalu matatu: Tororo, Jinja na Kampala. Ukichukua ramani ya Afrika Mashariki utaona kuwa miji hiyo mitatu imepangika kwenye reli moja, ile inayotoka Nakuru na Eldoret, ikaingia Uganda kwa mlango wa Tororo, ikavuka Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931. Haikuwa bahati tu. Dini ya Bhagwan Swaminarayan, mhubiri wa Kihindu wa Gujarat nchini India, ililetwa bara na makarani wa reli, mastesheni masta na wenye maduka waliofungua biashara zao pembeni mwa njia ya treni. Mahekalu yalifuata watu, na watu walifuata reli.

Hata hivyo nyumba hii ya Kampala haikuanzia Kampala. Ilianzia kwa mwanachuoni mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Jina lake la utawa ni Shastri Yagnapurushdas, na wafuasi wake humwita Shastriji Maharaj.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1865 katika kijiji cha Mahelav, eneo la Charotar, Gujarat, kwenye familia ya wakulima. Nyumbani walimwita Dungar. Angali kijana aliacha nyumba ya wazazi na kuingia utawani chini ya kituo cha Vadtal, mojawapo ya makao makuu mawili yaliyoachwa na Swaminarayan mwenyewe. Swaminarayan alizaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa India, akahubiri Gujarat, na kufariki mwaka 1830 akiwa na wafuasi wengi na watawa waliokula viapo vizito: kutooa, kutogusa fedha, kutotamani ladha ya chakula, kutofungamana na jamaa, na kuacha majivuno. Viapo hivyo ndivyo vilivyomlea Dungar. Alijifunza Kisanskriti kwa bidii, akasoma maandiko ya kale ya Kihindu pamoja na mahubiri ya Swaminarayan, na kwa elimu hiyo akapata cheo cha Shastri, yaani mwanachuoni wa maandiko. Angeweza kuishi hivyo hadi uzeeni, akiheshimiwa, akialikwa kwenye midahalo, akitunzwa na kituo chenye mali na jina.

Kilichombadilisha ni fundi cherehani. Pragji Bhakta wa Mahuva, anayejulikana kama Bhagatji Maharaj, hakuwa mtawa wala mwanachuoni, na tabaka lake halikuwa la watu wanaotukuzwa katika India ya wakati ule. Alishona nguo. Lakini alikuwa amekaa miguuni pa Gunatitanand Swami, mwanafunzi wa karibu wa Swaminarayan, na alifundisha kuwa Gunatitanand ndiye Akshar, makazi ya milele ya Mungu, naye Swaminarayan ndiye Purushottam, Mungu Mkuu. Kwa hiyo mja anapaswa kuwaabudu wote wawili pamoja. Mwanachuoni aliyevaa joho la utawa akamkubali fundi cherehani kuwa mwalimu wake wa roho. Watawa wenzake walimdhihaki, wengine wakamchukia. Kwangu mimi tendo hili ndilo ufunguo wa maisha yake yote. Elimu yake ya vitabu ilimpeleka kuinama mbele ya mtu asiye na vitabu, na hakuona haya kulisema hadharani.

Bhagatji alifariki mwaka 1897. Shastriji akaendelea kulifundisha fundisho lile, na upinzani ukazidi kuwa mkali kwa sababu viongozi wa Vadtal hawakulikubali. Hadi leo matawi mengine ya Swaminarayan yanaliona jambo hili kwa namna yao, nayo yana waumini wengi na mahekalu ya kuheshimika, hapa Afrika Mashariki pia. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 40, Shastriji aliondoka Vadtal pamoja na watawa watano na wafuasi wapatao 150. Hawakuwa na hekalu, hawakuwa na hazina, na mtawa haruhusiwi hata kushika sarafu. Tarehe 5 Juni 1907, katika kijiji cha Bochasan, ndani ya hekalu ambalo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika, aliweka sanamu takatifu za Akshar na Purushottam katika chumba cha katikati. Kutoka hapo ndipo taasisi ilipopata jina lake refu, Bochasanwasi Akshar Purushottam Swaminarayan Sanstha, ambalo siku hizi hufupishwa kuwa BAPS.

Alijenga mahekalu matano ya mawe katika maisha yake: Bochasan, Sarangpur mwaka 1916, Gondal 1934, Atladra 1945, na Gadhada ambalo lilikamilika mwaka wa kifo chake, 1951. Fundisho ambalo wapinzani walisema litazikwa pamoja naye aliliweka kwenye mawe, mahali ambapo mkulima asiyejua kusoma angeweza kuliona kwa macho. Mtu anayetafuta vitabu vya msomi huyu atashangaa kuona jinsi alivyoandika machache akilinganishwa na alivyojenga. Kazi ya kuandika iliwafikia wajukuu zake wa kiroho. Mwaka 2007, miaka 100 baada ya Bochasan, mtawa wa taasisi hii, Bhadreshdas Swami, alimaliza ufafanuzi wa Kisanskriti juu ya Upanishad, Bhagavad Gita na Brahmasutra kwa mtazamo wa Akshar na Purushottam. Katika usomi wa Kihindu, fundisho lenye ufafanuzi wa maandiko hayo matatu huhesabiwa kuwa shule kamili ya falsafa.

Turudi kwenye reli. Charotar, nchi ya Shastriji, ndiyo nchi ya Wapatel, na Wapatel ni miongoni mwa waliovuka bahari kwa wingi kuja Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu Desemba 1901, vibarua wengi wa Kihindi waliokuwa wameletwa kuijenga walirudi kwao. Waliobaki walikuwa wachache, na nyuma yao walikuja watu wa aina nyingine: vijana waliosoma kidogo, waliojua hesabu na barua, waliotafuta kazi ya karani au stesheni masta, au mtaji wa kufungua duka. Wengi wao walipanda meli Bombay, zile za miaka ya mwisho zikiwa pamoja na Karanja na meli iliyobeba jina la mji wetu huu, Kampala, wakateremka Mombasa na kupanda treni. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliokwisha kumwona Shastriji Maharaj kijijini, au waliokuwa na baba aliyekuwa pamoja naye siku zile za shida.

Hebu tumfikirie stesheni masta wa kituo kidogo cha bara katika miaka ya 1920 au 1930. Hana hekalu, hana mtawa wa kumwongoza, pengine hana familia nyingine ya Kigujarati kwa maili nyingi. Sheria ya dini inamtaka asile nyama, asinywe pombe, asile vitunguu wala vitunguu saumu, afunge siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, na afanye ibada kila alfajiri. Kinachomshikilia ni barua. Nirgundas Swami, mtawa wa karibu wa Shastriji, alikuwa akiwaandikia waumini wa Afrika barua ndefu mno, kurasa juu ya kurasa, akieleza fundisho, akitoa habari za mahekalu, akijibu maswali, akionya na kubembeleza. Barua moja ilisomwa na kupitishwa kutoka nyumba hadi nyumba na kituo hadi kituo. Treni ileile iliyobeba pamba na kahawa kwenda Mombasa ilirudi na teolojia ndani ya bahasha. Siku za likizo waumini walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wakaimba, wakasoma, wakala chakula kilichotolewa sadaka, kisha kila mmoja akarudi kwenye kituo chake.

Ninaona hapa ndipo taasisi ya Kampala ilipozaliwa hasa, miaka mingi kabla ya hekalu. Msingi wake ulikuwa watu waliokuwa wamejizoeza kushika dini yao bila jengo na bila kiongozi wa karibu. Mazoea hayo yaliwafaa baadaye kuliko walivyoweza kudhani.

Shastriji Maharaj alifariki Sarangpur tarehe 10 Mei 1951. Mwaka mmoja kabla, tarehe 21 Mei 1950, alikuwa amefanya jambo lililowashangaza wengi: alimteua mtawa wa miaka 28, Shastri Narayanswarupdas, kuwa rais wa taasisi, akiwapita wazee wengi. Huyo ndiye ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Pramukh Swami Maharaj. Uongozi wa roho ukamwangukia Yogiji Maharaj, mzaliwa wa Dhari mwaka 1892, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye kutumikia jikoni na kuosha vyombo hata alipokuwa kiongozi. Shastriji alikuwa mtu wa hoja na mawe. Yogiji alikuwa mtu wa kuvuta watu, hasa vijana. Yeye ndiye aliyesisitiza kila mji uwe na mkutano wa Jumapili na kikundi cha vijana, na ndiye aliyevuka bahari.

Mwaka 1955 alikuja Afrika Mashariki na kuweka wakfu hekalu la Mombasa, la kwanza la taasisi hii nje ya India. Alirudi mwaka 1960, na safari hiyo ndiyo iliyoipa Uganda mahekalu yake matatu.

Tukumbuke Kampala ya mwaka huo ilikuwaje. Ulikuwa mji ambao kila kilima kilikuwa na ibada yake: kanisa kuu la Kianglikana Namirembe, la Kikatoliki Rubaga, msikiti Kibuli, na hekalu la Wabahá'í lililokuwa likijengwa Kikaaya na kufunguliwa Januari 1961. Wahindu nao walikuwa tayari na vyama na nyumba zao za ibada mjini. Kwa hiyo hekalu la Swaminarayan liliingia katika mji uliozoea kuona dini nyingi zikikaa jirani. Lakini pia ulikuwa mji wenye hasira. Mwaka 1959 Uganda National Movement, Augustine Kamya akiwa miongoni mwa viongozi wake, iliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika huko Buganda. Chama kilipigwa marufuku, mgomo ukaendelea hadi mwaka uliofuata, na wenye maduka wengi wa vijijini walihamia mijini. Miongoni mwa waliosimama kumpokea Yogiji Maharaj mwaka 1960 hapana shaka walikuwamo watu waliojua jinsi duka linavyoonekana wateja wakiacha kuja.

Historia ya kumbukumbu haina budi kusema ukweli hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilitengana, hospitali zilitengana, mitaa ilitengana. Jumuiya ya Swaminarayan haikuujenga mfumo huo, lakini iliishi ndani yake, na ibada iliyofanyika kwa Kigujarati tupu iliufanya ukuta uwe mnene zaidi. Mganda aliyeuza mboga nje ya nyumba ya muumini aliona watu wenye nidhamu, wasiolewa, wanaoamka mapema, lakini ni nadra sana aliambiwa kwa nini wanaishi hivyo. Naamini hasara hiyo ilikuwa ya pande zote mbili.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Sensa ya 1969 ilihesabu Waasia zaidi ya 70,000 nchini. Mwaka 1970 Yogiji Maharaj alikuja Afrika Mashariki mara ya tatu na ya mwisho, kisha akaendelea hadi London, ambako mwezi Juni alifungua hekalu la kwanza la taasisi hii Uingereza, katika jengo la Islington lililokuwa kanisa. Alifariki tarehe 23 Januari 1971. Siku mbili baadaye Idi Amin alitwaa madaraka Kampala.

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwahutubia askari Tororo, Amin alitangaza kuwa Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke ndani ya siku 90. Ndiyo, Tororo ileile iliyokuwa na hekalu la Yogiji. Amri ikapanuliwa, ikabadilishwa, ikapanuliwa tena, na watu waliozaliwa Uganda wakajikuta wakipanga foleni kuthibitisha kuwa ni wa nchi waliyozaliwa. Fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kidogo mno. Barabara ya kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi ambako askari walinyang'anya pete na saa. Ilipofika tarehe 8 Novemba, karibu wote walikuwa wameondoka. Wapatao 27,000 walipokelewa Uingereza, maelfu wengine Kanada, wengine India na kwingineko. Maduka, nyumba na viwanda vilivyoachwa viliwekwa chini ya bodi ya usimamizi wa mali za Waasia walioondoka. Nchi nayo ililipa gharama yake: viwanda vya sukari vilidorora, na sabuni na chumvi zikawa vitu vya kutafutwa kwa siri.

Mahekalu ya reli yakabaki bila waabudu. Kwa taasisi nyingi huo ungekuwa ukurasa wa mwisho. Waumini wa Swaminarayan walipotua Uingereza, katika kambi za wakimbizi na baadaye katika vyumba vya kupanga vya London, Leicester na miji mingine, walifanya kile ambacho baba zao walifanya kwenye vituo vya treni: walikusanyika sebuleni Jumapili, wakasoma, wakaimba, wakala pamoja. Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa sasa kiongozi wa roho pia, aliwafuata huko kwa safari na kwa barua, kwa maana yeye naye alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Tarehe 20 Agosti 1995 hekalu la Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, lilifunguliwa. Lilijengwa kwa tani 2,828 za mawe ya chokaa ya Bulgaria na tani 2,000 za marumaru ya Italia, mawe yaliyochongwa India na kusafirishwa hadi Uingereza. Sehemu kubwa ya waliojitolea fedha, muda na mikono yao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na watoto wao. Mgeni anayelitazama Neasden huona India. Mimi naona pia Tororo, Jinja, Kampala, Mombasa na Nairobi.

Amin aliangushwa Aprili 1979. Sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa ilipitishwa mwaka 1982, lakini vita na hofu viliwafanya wengi wasubiri. Ni baada ya mwaka 1986, serikali ya Yoweri Museveni ilipowaalika warudi na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo familia zilipoanza kurejea, pamoja na wageni wapya kutoka Gujarat ambao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya 1972. Kurudi hakukuwa rahisi. Aprili 2007, maandamano ya Kampala ya kupinga kutolewa kwa sehemu ya msitu wa Mabira kwa kampuni ya sukari yenye wamiliki wa asili ya Kihindi yaligeuka kuwa vurugu dhidi ya Wahindi, na watu waliuawa. Madai ya kuulinda msitu yalikuwa ya haki. Damu ile haikuwa haki. Walioishi 1972 walijua hofu ile ilikuwa inatoka wapi.

Pamoja na hayo, jumuiya ilisimama tena, na leo ibada inaendelea Kampala. Viatu vinaachwa mlangoni, wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wao, taa za ibada ya arti zinazungushwa mbele ya Akshar na Purushottam, na salamu ni Jai Swaminarayan. Baada ya Diwali hupangwa Annakut, mlima wa vyakula vinavyotolewa sadaka kisha kugawiwa watu wote. Muumini wa Uganda huongeza kwenye meza ile mazao ya nchi yake: ndizi, mihogo, mananasi. Kanuni zake ni zilezile alizozishika stesheni masta. Afrika Mashariki nayo ilipata hekalu lake kubwa la mawe, Nairobi, mwaka 1999.

Pramukh Swami Maharaj alifariki Sarangpur tarehe 13 Agosti 2016, mahali alipofia Shastriji, akiwa ameacha mahekalu zaidi ya 1,100 duniani. Mahant Swami Maharaj akashika uongozi. Katika hesabu hiyo kubwa mahekalu matatu ya Uganda ni madogo, tena ya kawaida kwa umbo. Hata hivyo nashikilia kuwa bila Afrika Mashariki taasisi hii ingebaki ya mkoa mmoja wa India kwa muda mrefu zaidi. Hapa ndipo ilipojifunza kuishi mbali na watawa wake, kuendeshwa na watu wa kawaida wenye kazi na familia, na kuhama bila kupotea. Somo hilo lilibebwa kutoka Kampala hadi Uingereza na Amerika ya Kaskazini ndani ya masanduku ya mwaka 1972.

Historia hii bado haijaandikwa ipasavyo kwa Kiswahili wala kwa Luganda. Waliokuwa watoto siku ile Yogiji Maharaj alipofika Kampala sasa ni wazee, na wengi wao wametawanyika Leicester, London, Toronto na Vadodara. Kwenye makabati yao zimo barua za watawa, picha za ufunguzi wa 1960, vitabu vya michango, na hati za kusafiria zilizogongwa muhuri wa kuondoka. Nawaomba wao na watoto wao wasiziache zikaoza. Wapeleke nakala hekaluni Kampala, na nakala nyingine Makerere au Makumbusho ya Uganda pale Kitante, ili Mganda, Mkenya na Mtanzania anayetaka kuijua nchi yake aisome sehemu hii pia, kwa sababu ni yake.